Tairi la nyuma limeisha kwa km 7,000, la mbele lina meno ya msumeno: tatizo ni tairi, upepo au chombo chenyewe?

Njia_Panda

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wanaojua matairi vizuri.

Pikipiki ni 150cc ya kawaida, rimu za spoki, tyubu mbele na nyuma. Nyuma imevaa 3.00-18 (upana inchi 3, rimu ya inchi 18), mbele 2.75-18. La nyuma limefika mwisho kwa takriban km 7,000: katikati ni kipara kabisa, limekuwa bapa, lakini pembeni kashata (vile vipande vya mpira vilivyoinuka vinavyogusa lami) bado ziko nzuri. La mbele lina ugonjwa mwingine. Ukilipapasa kwa kiganja upande mmoja linateleza, ukirudisha kiganja linakwaruza kama meno ya msumeno. Mwendo ukifika 50 hivi linavuma.

Barabara ni lami karibu yote, na kipande kidogo cha changarawe. Safari nyingine ni dereva peke yake, nyingine abiria mmoja, na mara mojamoja mzigo wa kilo 50 juu yake. Nyuma inajazwa 40 psi (kipimo cha upepo) siku zote. Mbele hupimwa kwa kubonyeza na kidole gumba.

Maswali ni mawili: nini hasa kinaamua tairi lidumu muda gani? Na nikiweka tairi pana zaidi nyuma, 100/90-18 (upana mm 100), litadumu zaidi?

Geji_Mkononi

Mkuu, usilitupe hilo tairi la nyuma kabla hujalisoma, maana limeshajibu nusu ya swali.

Tairi la pikipiki lina mviringo kutoka bega hadi bega, tofauti na la gari lililo bapa. Ukilijaza kupita kiasi linatuna katikati, eneo linalogusa lami linapungua, na nguvu yote ya injini inapita kwenye mstari mwembamba wa katikati. Matokeo yake ndiyo hayo uliyoyaeleza. Ongeza barabara iliyonyooka ambayo hailazi chombo pembeni, na mabega yatabaki mapya hadi mwisho.

Upepo ukipungua mambo yanageuka. Ubavu unajikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, na huko kujikunja ndiko kunakozaa joto ndani ya mpira. Mpira wenye joto unalika haraka, mabega yanaanza kuisha kabla ya katikati, na nyuzi za ndani zinachoka. Kwenye tairi la tyubu kuna balaa la ziada: tairi linajizungusha juu ya rimu kidogo kidogo, tyubu inavutwa nalo, na shina la valvu linachanika. Pancha nyingi ambazo fundi haoni msumari wake zimeanzia hapo, mpasuko uko kwenye kitako cha valvu.

Kidole gumba hakipimi kitu. Tairi la psi 18 na la psi 28 yote ni magumu ukiyabonyeza, kwa sababu unachokisikia ni ugumu wa mpira wenyewe. Nunua geji ndogo ya mkononi na utumie hiyohiyo moja kila siku, hata kama inakosea psi 1, maana itakosea kwa namna ileile.

Pima tairi likiwa baridi. Baridi maana yake chombo kimelala, au kimesimama angalau saa 3. Ukipima baada ya safari utakuta psi 3 au 4 zaidi. Hizo zimeletwa na joto, usizipunguze, maana tairi likipoa litakuwa chini ya kiwango. Hali ya hewa nayo ina mkono wake: joto likishuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, upepo unashuka karibu psi 1.

Kwa pikipiki nyingi zenye vipimo kama vyako, kitabu cha maelekezo ya chombo kinataja mbele takriban 25, nyuma 28 au 29 ukiwa peke yako, na 33 hivi ukiwa na abiria. Namba ya chombo chako imebandikwa kwenye kifuniko cha cheni au kwenye mkono wa nyuma unaobeba gurudumu, na hiyo ndiyo ifuatwe. Namba ya upepo iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo, haikuwekwa kwa ajili ya kujazia kila siku.

Kwa hiyo 40 ukiwa peke yako ni nyingi mno. Ila kabla sijahukumu zaidi, tuandikie maandishi yote ya ubavuni, hasa namba na herufi zinazofuata ukubwa, mfano 47P au 52P. Kuna kitu nataka kukiona.

Spoki_36

Nitajibu la mbele, kwa sababu watu wengi hulilaumu tairi wakati kosa liko kwenye chombo.

Angalia kashata moja kwa karibu. Ina kingo mbili: moja inatangulia kugusa lami, nyingine inaondoka mwisho. Ukishika breki ya mbele, kashata inasukumwa na kupinda, ukingo mmoja unabebeshwa zaidi na kusagika kuliko mwenzake. Ikirudiwa mara elfu nyingi, kila kashata inakuwa na mteremko mdogo, na zote pamoja zinakuwa msumeno. Mvumo unaousikia ni hiyo miteremko ikipiga lami mmoja baada ya mwingine.

Msumeno kidogo ni wa kawaida kwa tairi lolote la mbele lenye kashata zilizoachana. Ukiwa mkali kiasi cha kukwaruza kiganja, kuna kitu kinauzidisha. Cha kwanza ni upepo mdogo, na wewe unapima kwa kidole. Vingine vikague kwa mpangilio huu.

Simamisha chombo kwenye stendi ya kati, weka kipande cha mbao chini ya injini hadi gurudumu la mbele liwe hewani. Shika miguu ya shokapu za mbele kwa chini, vuta kwako kisha sukuma. Ukisikia kugonga, beringi za usukani zimelegea. Halafu zungusha usukani taratibu kutoka kushoto hadi kulia. Ukikwama au kunasa kidogo katikati, njia za beringi zimechimbika, na kukaza nati hakutasaidia, zibadilishwe.

Gurudumu likiwa bado hewani, lizungushe na uweke kalamu karibu na ukingo wa rimu, uiegemeze kwenye shokapu isitikisike. Tazama nafasi kati ya kalamu na rimu. Vitabu vingi vya ufundi vinaruhusu mchezo (kuyumba kwa rimu) usiozidi mm 2, wa pembeni na wa juu-chini. Kisha gonga kila spoki kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti butu. Usizikaze zilizolegea kwa nguvu zote mara moja. Robo mzunguko kwa kila nipeli (nati ndogo ya spoki), kisha zungusha gurudumu uangalie tena, la sivyo utaivuta rimu upande mmoja.

Shokapu za mbele zinazovuja au zenye oili iliyochoka zinaliacha gurudumu lidunde badala ya kukaa chini. Kila linapotua linakwangua, na baadaye unaona mabonde mabonde kuzunguka tairi. Bonyeza usukani chini kwa nguvu mara moja na uachie. Chombo kinapaswa kupanda na kutulia. Kikiendelea kupanda na kushuka, oili ya shokapu imekwisha kazi.

Nyuma nako pima cheni. Alama za kukazia zilizo pande mbili usiziamini sana, kwa vyombo vingi hazilingani tangu kiwandani. Pima kwa futi ya chuma kutoka katikati ya bolti inayoshikilia mkono wa nyuma hadi katikati ya ekseli, kulia na kushoto. Zikitofautiana zaidi ya mm 2, gurudumu limekaa mshazari. Chombo kinatembea upande, unakirekebisha kwa usukani bila kujua, na tairi linalika bega moja. Sproketi itakuonyesha pia: meno yake yanang'aa upande mmoja tu.

Mpira_na_Lami

Wenzangu wamegusa upepo na chombo. Mimi niongeze mpira wenyewe, maana umri wa tairi huanza kuamuliwa siku linapopikwa kiwandani.

Mpira laini hushika lami vizuri zaidi na huisha haraka. Mpira mgumu hudumu, lakini kwenye lami yenye maji mshiko wake ni mdogo. Ndiyo maana tairi la nyuma la pikipiki kubwa za mwendo mkali linaweza kwisha kwa km 4,000 hadi 8,000 bila kosa lolote, wakati tairi la safari ndefu linafika 12,000 hadi 20,000. Kwa chombo kidogo cha 150cc chenye mpira mgumu wa kazi, km 10,000 na zaidi nyuma ni kitu cha kutarajia, kwa hiyo una haki ya kushangaa 7,000. Kuna matairi ya michanganyiko miwili ya mpira, mgumu katikati na laini mabegani, lakini kwa vipimo vidogo kama vyako ni adimu.

Wanaonunua tairi la kashata kubwa za matope kwa sababu linaonekana nene, kisha wanalitembeza kwenye lami, wanajidanganya. Kashata ndefu zilizoachana zinayumba, kila moja inajisugua lami peke yake, na zinapata joto. Mpira mwingi unaouona unaisha upesi kuliko wa tairi la lami lenye mifereji myembamba. Changarawe nayo haisagi sana kama inavyokata. Inanyofoa vipande kwenye kingo za kashata, hasa ukiondoka kwa kasi gurudumu likazunguka bure.

La nyuma hufa mapema kuliko la mbele, kwa kawaida, kwa sababu linabeba uzito mkubwa na ndilo linalosukuma. Kila unapoachia klachi ghafla na kuvuta mafuta, mpira unakwanguliwa. Ukifunga breki ya nyuma hadi gurudumu likaburuzika, unachonga kipara cha sehemu moja ambacho hakitatoka tena. Utakisikia kila mzunguko hadi siku ya kulivua. Mwendo wa juu kwenye lami ya moto unaongeza joto haraka kuliko mwendo wa wastani wenye kilomita hizohizo.

Halafu kuna umri. Tafuta ubavuni herufi DOT, mwisho wake kuna tarakimu 4. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3122 ni wiki ya 31 ya mwaka 2022. Mpira unakauka hata ukiwa dukani: jua, ozoni iliyo hewani, petroli, oili na kemikali za kung'arishia matairi vyote vinaunyonya. Watengenezaji kadhaa wanashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na liondolewe likifika miaka 10 hata kama kashata zimejaa. Nyufa nyembamba chini ya mifereji ni dalili mbaya kuliko nyufa za juu ya ubavu, kwa sababu ziko karibu na nyuzi na ziko mahali panapojikunja.

Ukipaka oili kwenye cheni, paka upande wa ndani, acha ikae dakika 10 na ufute inayodondoka. Oili iliyorukia tairi inaua mpira na inaweza kukuangusha kwenye kona.

Njia_Panda

Asanteni sana wakuu. Nimepima kila kitu baada ya chombo kulala, kwa geji. Nyuma 38 psi, mbele 17.

Kutoka bolti ya mkono hadi ekseli: kulia na kushoto vinatofautiana mm 4. Spoki 3 za nyuma zina sauti butu, za mbele 2. Gurudumu la mbele likiwa hewani kuna kugonga kidogo ukivuta shokapu. Usukani haunasi katikati.

Tairi la nyuma limeandikwa 3.00-18 47P, na kikomo ni kg 175 kwa 225 kPa. DOT yake ni 3122. La mbele ni 2.75-18 42P, DOT 1419, na lina nyufa nyembamba chini ya mifereji. Rimu ya nyuma imegongwa muhuri 1.60x18.

Kitu kingine nimekiona leo: la mbele limelika bega la kulia zaidi ya la kushoto. Tunaendesha kushoto mwa barabara, kama hilo linasaidia.

Geji_Mkononi

Nilichotaka kukiona ndicho hicho. 47 ni alama ya uzito, maana yake kg 175. P ni alama ya mwendo, 150 km/h. Na 225 kPa ni karibu psi 33. Yaani ulikuwa unajaza 40 ndani ya tairi ambalo mtengenezaji wake ameandika mwisho ni 33, mchana kutwa, uwe peke yako au na abiria.

Sasa piga hesabu ya mzigo. Chukua chombo chenye mafuta kg 120, dereva 70, abiria 75, mzigo 50. Jumla 315. Ukibeba abiria, gurudumu la nyuma hupata karibu theluthi mbili, yaani kg 210. Tairi lako ni la 175. Ukiondoa mzigo na kubaki na abiria tu, jumla ni 265, theluthi mbili ni karibu 177. Hata hapo umeshavuka kidogo. Tairi la 47P ni la mtu anayetembea peke yake na abiria wa mara mojamoja.

Kwa hiyo usibadilishe ukubwa, badilisha alama ya uzito. 3.00-18 ileile hupatikana ikiwa imeimarishwa, 52P, ambayo ni kg 200 kwa 280 kPa, karibu psi 41. Mara nyingi ubavuni huandikwa pia 6PR, alama ya uimara wa nyuzi. Ubavu wake ni mgumu zaidi, ukiwa peke yako utausikia kwenye mashimo, lakini hauchemki ukiwa na abiria. Tumia namba za kitabu chako: peke yako 29, na abiria 33 hadi 36. Ile 41 inahitajika tu uzito wa nyuma unapokaribia kg 200. Na ule mzigo wa kilo 50 pamoja na abiria unafika 210, hautoshi hata kwenye 52P. Hapo punguza mzigo, upepo hauwezi kukufidia, kwa sababu kinachovunjika ni nyuzi.

Ukitaka uhakika badala ya hesabu yangu ya theluthi mbili, tumia mizani ya kupimia magunia. Weka gurudumu la nyuma juu yake, inua la mbele kwa mbao hadi urefu uleule, dereva na abiria wakae, usome. Dakika 5 tu.

Spoki_36

Vipimo vya Njia_Panda vimenyooka sasa. Mbele 17 badala ya 25, spoki 2 zimelegea, beringi za usukani zinagonga. Hakuna tairi la mbele litakalotoka salama hapo.

Anza na beringi. Legeza kwanza bolti zinazobana juu, kaza nati ya usukani hadi kugonga kuishe, kisha hakikisha usukani unaanguka wenyewe kulia na kushoto ukiusukuma kidogo kutoka katikati. Ukikaza kupita hapo chombo kitaanza kuyumba kwenye mwendo mdogo. Spoki fuata nilivyosema, robo robo.

Kwa ile mm 4 ya nyuma: legeza nati ya ekseli, rekebisha upande uliobaki nyuma kwa vidude vya kukazia cheni hadi vipimo vilingane. Cheni iwe na mchezo wa mm 20 hadi 30 katikati ya sehemu yake ya chini, au namba ya kitabu chako. Zungusha gurudumu uupime sehemu 3, maana cheni iliyochoka ina pa kukaza na pa kulegea. Weka mchezo ukiwa mahali palipokaza zaidi. Ukikaza nati ya ekseli, pima tena. Mara nyingi gurudumu husogea wakati wa kukaza, na hapo ndipo mafundi wengi huacha kazi nusu.

Kuhusu bega la kulia: kwa wanaoendesha kushoto hilo ni la kawaida. Ukikata kona ya kulia unapita upande wa nje wa barabara, njia ni ndefu kuliko ya kona ya kushoto, hivyo unalala kulia kwa mita nyingi zaidi. Mizunguko ya barabarani inaongeza. Mgongo wa barabara nao umeinuka katikati, kwa hiyo chombo kikiwa wima upande wa kulia wa tairi ndio unaokutana na lami kwanza, ingawa mchango huo ni mdogo. Wanaoendesha kulia huona kushoto kumelika. Tofauti ikizidi milimita moja hivi, usilaumu barabara tena, rudi kwenye vipimo vya gurudumu.

Mpira_na_Lami

Swali la 100/90-18 halijajibiwa. Jibu ni hapana, na sababu iko kwenye muhuri wa rimu yako.

Rimu ya 1.60 ni upana wa inchi 1.6, mm 41 hivi. Hiyo inaipokea 3.00 vizuri. 90/90-18 inataka rimu inayoanzia 1.85, na 100/90-18 inaanzia 2.15. Ukilazimisha tairi pana kwenye rimu nyembamba, kingo zake zinabanwa, na uso wake unachongoka kama kichwa cha yai. Linakuwa pana machoni lakini linagusa lami kwa mstari mwembamba zaidi. Utarudi palepale: katikati kipara, pembeni kashata mpya. Pia ni refu zaidi kwa karibu sm 2 za kipenyo, kwa hiyo angalia kama halitagusa kifuniko cha cheni au fimbo ya breki ukipita shimo na abiria.

La mbele liondoe tu. 1419 ni wiki ya 14 ya 2019, na nyufa chini ya mifereji zimeshaonekana. Msumeno hata ukirekebisha chombo hauondoki kwenye tairi lililokwisha kulika hivyo.

Na msidanganywe na kuchonga mifereji upya kwa kisu cha moto. Matairi ya pikipiki hayajatengenezwa kuchongwa. Chini ya mfereji kuna mpira mwembamba tu kabla ya nyuzi, ukichonga umezifikia. Kashata zinaonekana, lakini tairi linaweza kupasuka ukiwa mwendoni.

Zamu_ya_Usiku

Nami nina swali dogo hapohapo. Tairi la mbele likibaki na kashata nusu, linaweza kuhamishiwa nyuma kumalizia? Na naitrojeni inasaidia tairi kudumu?

Spoki_36

La mbele kwenda nyuma, hapana. Lako pengine ni 2.75 yenye 42, yaani kg 150 tu. Umeiona hesabu ya Geji_Mkononi hapo juu. Isitoshe mshale ubavuni umewekwa kwa sababu: uso wa tairi umeungwa kwa kulalisha ncha moja juu ya nyingine, na nguvu ya kusukuma ya nyuma inapita kinyume na ya breki ya mbele. Ukiuweka kinyume unavuta ile ncha ifunguke.

Naitrojeni: hewa ya kawaida tayari ina asilimia 78 ya naitrojeni. Inaweza kupungua polepole kidogo, lakini anayepima kila wiki hataona tofauti. Kinachosaidia ni kofia ya valvu. Vumbi likiingia kwenye sindano ya valvu, upepo unavuja taratibu bila pancha. Weka tone la maji ya sabuni juu ya valvu. Povu likipanda, kaza sindano au ibadilishe.

Njia_Panda

Nimeelewa wakuu. Nitachukua 3.00-18 52P nyuma, na 2.75-18 mpya mbele. Tyubu za zamani hazina hata kiraka kimoja, nizirudishe? Na nitajuaje mapema kama safari hii linaisha kwa kasi ya kawaida?

Geji_Mkononi

Tyubu weka mpya. Ya zamani imeshatanuka, ukiiingiza kwenye tairi jipya ambalo ndani lina nafasi kamili inajikunja mahali, mkunjo unasuguana, na baada ya wiki kadhaa unavuja kwenye mstari wa mkunjo. Soma ukubwa kwenye tyubu: nyuma iandikwe 2.75/3.00-18, mbele 2.50/2.75-18.

Wakati wa kufunga simama hapo uangalie. Utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoki uwepo na usiwe umechanika. Tairi lipakwe poda ndani, kingo zipakwe maji ya sabuni, wala si grisi. Kama lina nukta ya rangi ya njano ubavuni, ikae kwenye valvu, maana hapo ndipo tairi ni jepesi. Lijazwe hadi 40 ili kingo zikae, kisha angalia mstari mwembamba unaozunguka ubavu karibu na rimu: nafasi kati yake na rimu iwe sawa pande zote. Ukizama mahali, tairi limekaa vibaya na litadunda. Toa upepo, paka sabuni, rudia. Ukimaliza shusha hadi namba ya kitabu. Km 150 za mwanzo nenda taratibu, ngozi ya mpira mpya inateleza.

Kujua kasi ya kuisha: pima kina cha mfereji wa katikati kwa fimbo ya kupimia kina, siku ya kwanza na kila km 1,000, mahali palepale, uandike. Tuseme lilianza mm 7.0 na kwa km 3,000 limefika 5.5. Umepoteza 1.5, yaani nusu milimita kwa kila km 1,000. Kuna vinundu vidogo ndani ya mifereji vinavyoonyesha mwisho, kwenye pikipiki mara nyingi viko mm 0.8 tu, lakini mimi nashauri utoe likifika 1.6, kwa sababu kwenye maji chini ya hapo mfereji hautoi tena maji ya kutosha na misumari inapenya kirahisi. Basi 5.5 toa 1.6 ni 3.9, kwa mwendo huo una km 7,800 mbele, jumla karibu 10,800. Pima pia bega la kulia na la kushoto. Katikati ikishuka haraka kuliko mabega, punguza psi 1 au 2 lakini usishuke chini ya namba ya kitabu. Mabega yakitangulia, upepo uko chini au mzigo umezidi.

Nati ndogo ya shina la valvu usiikaze kwenye rimu. Irudishe juu ibane kofia. Siku ukiona shina limelala pembeni, tairi limezunguka juu ya rimu: toa upepo wote, lirudishe kabla ya safari, na utafute kwa nini upepo ulikuwa chini.